Barazani kwa Mwalimu: Baba Alisilimu, Ukoo Unamtaka Gem

Toleo hili nimejibu barua tatu tu. Ya kwanza ilinikalisha chini. Wale walioniandikia kuhusu karo na wapangaji wasumbufu naomba wanivumilie hadi toleo lijalo.

*

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa umeme, nina miaka 34, ninaishi Umoja. Baba yetu ana miaka 71. Alitoka Gem, kule Siaya, akaja Nairobi mwaka 1974, akaajiriwa reli, akakaa Muthurwa na wenzake. Mama alibaki nyumbani akilima. Kazi ilipokwisha baba hakurudi. Mwaka 1999 alisilimu, akaoa mke wa pili Majengo, wakapata watoto wawili. Sisi wa mama mkubwa tuko Sabato. Tulizoeana. Kila Agosti alikuja nyumbani, akitandika mkeka wake chini ya mwembe anaswali, na hakuna aliyemsumbua.

Sasa figo zimekataa. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mwezi uliopita aliniita akaniambia akifa azikwe Kiislamu, siku hiyo hiyo, asiwekwe mochari. Nikaandika hivyo kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Moto ukawaka. Baba zangu wadogo wanasema yeye ndiye kifungua mimba, ana boma lake, na mwanamume mwenye boma hazikwi Nairobi kama mtu asiye na kwao. Mmoja aliandika kwamba Waislamu ni watu wa kuua na hatawaachia mwili wa kaka yake. Upande wa Majengo, ndugu yangu wa mama mdogo ameniita kafiri, akasema siku hiyo nisisogee. Mama anasema jambo moja tu: "Nitawaonyesha wajukuu nini?"

Nimsikilize nani? Na je, mimi Mkristo naruhusiwa kumwosha baba yangu?

— Mwana wa Katikati, Umoja

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikairudia sentensi moja. Umesema baba alikwambia azikwe Kiislamu, siku hiyo hiyo, asiwekwe mochari. Hukusema alikwambia azikwe Nairobi. Neno Nairobi limeingizwa na baba zako wadogo, nawe ukalipokea. Basi kabla mtu mwingine hajatukanwa kwenye kikundi kile, rudi kwa mzee umuulize: baba, unataka kuzikwa Kiislamu, au unataka kuzikwa Kariokor, makaburi ya Waislamu hapa Nairobi? Hayo ni mambo mawili.

Kuzikwa Kiislamu ni kuoshwa, kuvishwa sanda, kuswaliwa, na kulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia uso ukielekea Kibla, tena bila kukawia. Hayo yanafanyika Kariokor, na yanafanyika Gem pia. Waislamu wako Siaya, wako Kisumu, na Mumias wapo tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Ni kweli masheikh wengi wanapenda Mwislamu alale palipolala Waislamu wenzake, na wengi hawapendi maiti asafirishwe mbali. Kwa hiyo swali hili mzee ndiye wa kulijibu, akiwa na imamu wake kando, wewe usimjibie. Gari likitoka Nairobi baada ya sala ya Isha hufika Gem mapema asubuhi. Mzee akisema, "Nizikeni bomani kwangu, lakini mniswalie," nusu ya ugomvi imekwisha. Akisema, "Hapana, Kariokor," basi ni Kariokor, na mimi nitasimama naye. Mtu aliyeamka alfajiri kuswali kwa miaka yote hiyo ameshasema yeye ni nani.

Lakini nisikudanganye kuhusu mahakama. Wewe hukuwa umezaliwa. Wakili S.M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, upande wa Ngong, akisema mumewe aliishi kama mtu wa mjini na Mkristo, na huko ndiko alikotaka mwenyewe. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo, na wakili akazikwa Nyalgunga, Siaya. Baba zako wadogo wanaijua kesi ile, ndiyo maana wanazungumza kwa sauti ya juu namna hiyo. Wasichokwambia ni kwamba tangu hapo majaji wengi wamekuwa wakipima pia marehemu alitaka nini, na nani aliishi karibu naye. Katiba ya 2010, Ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dini yake. Ibara ya 11 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Mkifika mbele ya jaji, kila upande utakuwa na ibara yake mkononi, na mzee atakuwa kwenye jokofu, jambo lile lile alilokuomba lisimpate.

Nikueleze yaliyotukuta sisi.

Mama yangu alizaliwa Kiambu, kwa watu wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri. Akaja Majengo akiwa msichana, akasilimu, akaolewa na baba yangu, Mnubi wa Kibera. Cucu, yaani nyanya yangu mzaa mama, hakufurahi, na hakuficha. Lakini jikoni kwa Cucu palikuwa na sufuria iliyoning'inia kwenye msumari wake peke yake, imefunikwa gazeti. Wajomba walikuwa wakifuga nguruwe, na Cucu aliapa kwamba mafuta ya nguruwe hayataingia kwenye sufuria ya binti yake. Tukifika likizo ya Desemba tulimkuta kuku chini ya ghala la mahindi, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, anamngoja baba aje amchinje mwenyewe. Cucu alinung'unika kuhusu dini ya mama mpaka siku zake za mwisho, na kila tulipokaribia kwenda aliisugua sufuria ile kwa majivu mpaka ikang'aa.

Mama alifariki mapema 1987, kesi ya Otieno ikiwa redioni kila jioni. Alikata roho alfajiri. Adhuhuri akaswaliwa, na kabla ya alasiri alikuwa ameshalazwa Kariokor. Hakuna aliyepeleka habari Kiambu. Simu ya karibu ilikuwa dukani, lakini wakubwa wetu walisema tukiwaambia watakuja na wakili, yatupate kama yaliyowapata wale wa redioni. Tulimtuma mtu na matatu baada ya maziko. Mjomba wangu mkubwa alifika magharibi, amevaa koti lake la kanisani, akatukuta tunakula. Akasimama mlangoni akauliza, "Yuko wapi?" Mtoto wa jirani akampeleka makaburini, akaonyeshwa udongo mbichi. Hakurudi kula. Miaka 11 hatukuonana. Aliponitafuta tuzungumze, mwaka 1998, hakutaja sanda, hakutaja sala, hakutaja kwamba dada yake alizikwa bila sanduku. Aliniambia, "Mlidhani nitamwiba dada yangu."

Sina neno la kujitetea hata leo. Yale tuliyomfanyia mama kama Waislamu yalikuwa haki yake. Kumfungia mjomba nje hakukuwa haki ya mtu yeyote.

Kwa hiyo baba zako wadogo waambiwe sasa, mzee akiwa na sauti yake. Kikundi cha WhatsApp si mahali pake. Mzee awaite wawili, yule anayemfuata na yule aliyeandika maneno makali, waje Nairobi wakae naye ana kwa ana, imamu awepo na mzee wa kanisa lenu awepo. Chagua siku ambayo hakutoka kusafishwa damu, maana nimemuuguza mgonjwa wa figo na ninajua siku ile mtu hana nguvu hata ya kushika kikombe. Aseme mwenyewe, kisha yaandikwe na atie sahihi, na mashahidi wawe wawili: mmoja wa Gem, mmoja wa Majengo. Na mkubaliane kabisa kwamba siku ile simu ya kwanza itapigwa Gem, kabla hata maji ya kuoshea hayajawekwa jikoni. Ndege ya Kisumu haichukui saa nzima, na mazishi ya Kiislamu yanaweza kuwangoja ndugu saa chache bila dhambi kwa mtu.

Watauliza kuhusu tero buru, wale ng'ombe kukimbizwa na kelele za kukifukuza kifo. Mzee aseme anakataa nini juu ya mwili wake. Ukoo ukitaka kuomboleza kwa desturi yake pale bomani, mwili haupo, sioni ni nani atakayedhurika.

Sasa mama yako. Katika barua nzima yeye ndiye aliyeuliza swali zito kuliko sote, na sikuona aliyemjibu. Tangu 1974 amelitunza boma la mtu asiyekuwepo. Amemgawana mumewe na reli, akamgawana na jiji, na mke mwingine, na dini nyingine. Alichobakisha ni kaburi mbele ya nyumba yake. Halafu kuna jambo ambalo naogopa hakuna aliyemwambia: hapa kwetu, kwa desturi, wanawake hatuendi makaburini wakati wa maziko. Mimi mwenyewe sikumwona mama akishushwa. Mzee akizikwa Kariokor, mama yako atakuja kutoka Gem safari yote ile, kisha atabaki chumbani Majengo pamoja na mke mwenziwe wakati wanaume wanaondoka na jeneza. Asilijue hilo siku ile ile. Mzee akichagua Kariokor, yeye mwenyewe amwambie mkewe kwa mdomo wake, na amwombe radhi kwa hilo. Na ule mwembe wa mkeka, ukoo wote uambiwe usikatwe kamwe, hata ukiacha kuzaa. Hapo mama yako atakuwa na mahali pa kuwasimamisha wajukuu na kuwaambia, babu yenu alikuwa akiswali hapa.

Baba yako mdogo aliyeandika kuhusu watu wa kuua, mkumbushe Desemba 2015, basi la Mandera karibu na El Wak. Magaidi walilisimamisha wakataka Waislamu wakae upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Abiria Waislamu walikataa kugawanywa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari 2016. Alikuwa mwalimu mwenzangu, ingawa hatukujuana, na kila nikisikia maneno kama yale ya baba yako mdogo humkumbuka yeye.

Ndugu yako wa Majengo naye anastahili kuambiwa. Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, inasema Mwenyezi Mungu hawakatazi Waislamu kuwatendea wema na uadilifu watu ambao hawakuwapiga vita kwa ajili ya dini. Wewe umempiga nani? Umempeleka baba hospitali. Imamu na amwambie hivyo mbele yako, kwa sababu likitoka kwako litakuwa ugomvi wa watoto wa mama wawili.

Kuhusu kuosha, waachie Waislamu, ni ibada yao na ina masharti yake. Lakini kubeba ni jambo jingine. Majengo nimeona Wakristo wengi wakipokezana jeneza la jirani begani kutoka mlangoni hadi barabarani, sembuse mtoto wa marehemu. Muulize imamu mapema ili siku ile usisukumwe. Na dhamiri yako ya Sabato isikusumbue: ile amri ya tano uliyokariri ukiwa mdogo inasema umheshimu baba yako, haikuongeza "akiwa wa kanisa lako."

Jambo la mwisho, shamba. Katika mirathi ya Kiislamu mtoto asiye Mwislamu harithi kutoka kwa mzazi Mwislamu, ila mzazi anaweza kumwusia hadi theluthi moja ya mali yake, au kumpa akiwa hai. Mama yako analima pale. Mzee na aende kwa wakili sasa, angali anaweza kupanda ngazi.

*

Mwalimu, mimi ni binti wa Murang'a, nina saluni Roysambu. Mchumba wangu ni wa Kakamega. Sote tumeokoka. Ruracio, yaani mambo ya mahari, tulimaliza Aprili. Sasa Guka, babu yangu, ana miaka 84, anataka ngurario, ile harusi ya kimila ya Kikuyu, ifanywe kabla ya harusi ya kanisani. Mchungaji wetu amesema kukata kiande, yaani bega la mbuzi, na wazee kutupulizia muratina, pombe yao ya kienyeji, ni agano na mizimu, na tukifanya hatatufungisha ndoa. Guka naye amesema bila ngurario yeye haji kanisani, kwa sababu hatajua amekuja kumwona nani akiolewa. Harusi ni Desemba. Nalia kila siku.

— Binti wa Guka, Roysambu

Usilie. Nikuulize: mchungaji wako amewahi kuhudhuria ngurario hata moja? Mimi nimehudhuria nyingi, za wapwa na za wanafunzi wangu. Mbuzi amechomwa, anawekwa kwenye majani ya mgomba. Kijana anapewa kisu, anatafuta kiungo cha bega mbele ya wazee waliokaza macho, na asipokipata watu wanamcheka. Anamlisha msichana, msichana naye anamlisha. Kabla ya hapo wasichana wanapangwa mstari wamefunikwa leso gubigubi, naye anatakiwa amtambue wake. Niliona mmoja akimtambua kwa kovu dogo kwenye kidole cha mguu, na nyanya wa msichana akapiga vigelegele mpaka akaishiwa pumzi. Sasa niambie mizimu ilikuwa wapi.

Kilichobaki ni muratina. Hapo mchungaji ana hoja. Ikiwa wazee wa kwenu humwaga pombe chini na kuwaita waliokufa, Mkristo ana haki ya kusema mimi hapana. Basi mwambie Guka hivyo, kwa adabu, umekaa kwenye kigoda na si umesimama mlangoni na simu mkononi. Nimeona pembe ikijazwa uji, nimeona maji ya asali, nimeona maziwa, na wazee wakabariki vile vile na watu wakaitikia "thaai", yaani amani. Wazee wetu si wagumu kama tunavyowasingizia. Wanakuwa wagumu wakigundua uamuzi ulishapitishwa Roysambu na wao wameletewa tu.

Mchungaji afunge safari aende Murang'a kwa Guka. Guka asiitwe Nairobi, ni mzee. Mchungaji anywe chai pale, aulize kila hatua ina maana gani, kisha aseme anachokikataa na anachokikubali. Mwanamume ambaye hawezi kumtembelea babu wa bibi harusi sioni atawashaurije mkishaoana.

Ugomvi huu una umri mkubwa kuliko sisi sote. Mwaka 1929 baadhi ya misheni za Ukikuyu ziliwataka waumini waape kuacha tohara ya wanawake. Watu wengi waliondoka wakaanzisha makanisa na shule zao. Cucu alibaki misheni, dada yake akaondoka, na kwa muda mrefu hawakwenda harusi za watoto wa kila mmoja. Katika jambo lile la tohara misheni ilikuwa sahihi, na nitalirudia hapa chini. Kosa lililofuata ni kutia kila kitu kwenye gunia moja, ngoma, asali, leso na wembe, na kuliandika "ushenzi". Mchungaji wako amelirithi gunia hilo bila kulifungua.

Mjue pia mambo ya sheria. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zinatakiwa kusajiliwa. Ngurario ni ndoa ya kimila, na sheria huichukulia kuwa mume anaweza kuongeza mke. Ya kanisani ni ya mke mmoja. Kwa hiyo mkifanya ngurario halafu harusi ikaahirishwa, msikae mkidhani mna ile ya kanisani. Na familia ya mchumba wako isikamuliwe kwa sababu ya mahari: pale mila inapoyahitaji, sheria inasema kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuithibitisha ndoa ya kimila.

Mchungaji akikataa hata kwenda Murang'a, niandikie tena. Kuna makanisa mengi kati ya Roysambu na mjini.

*

Mwalimu, binti yangu ana miaka 10. Mama mkwe wangu anamtaka Kisii likizo ya Desemba akeketwe ili "awe mtu". Anasema atakayefanya ni muuguzi, kwa sindano ya ganzi, kidogo tu, na kwamba nikikataa nitakuwa sivumilii mila zao, kwa kuwa mimi ni Mluhya. Mume wangu amenyamaza. Naogopa kuvunja ndoa.

— Mama Binti, Embakasi

Kataa. Nimetumia kurasa mbili kuwasihi watu wavumiliane, na hapa sina maneno hayo. Kaburi la mzee ni lake, kiande ni cha wawili waliokubaliana. Mwili wa mtoto wa miaka 10 si wa bibi yake, si wa ukoo, si wako wewe.

Sheria ya 2011 imepiga marufuku ukeketaji Kenya nzima. Kifungo hakipungui miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Muuguzi hana msamaha. Anayempeleka mtoto ana kosa, na anayejua akanyamaza ana kosa, kwa hiyo ukimya wa mume wako si mahali pa kujificha. Machi 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la daktari mmoja aliyetaka sheria hiyo iondolewe. Hata hilo neno "kidogo tu" halipo kwenye sheria.

Mwambie mume wako leo, kwa maneno machache: "Ni binti yako, nataka nikusikie ukimwambia mama yako hapana." Aseme yeye, kwa lugha ya kwao. Kusema Ekegusii nyumbani, nyimbo, majina, kujua shangazi ni nani na ng'ombe za nani zililipwa, hayo yote mpeni binti, tena kwa wingi, na bibi ndiye mwalimu wake. Ila Desemba hii msiende Kisii. Mtumie bibi nauli ya basi aje Nairobi, mtandikie kitanda, mpikie matoke na mboga za rinagu. Usimwachie mtoto peke yake hata kwa safari ya dukani.

Na ukiona begi la binti limepangwa bila wewe kujua, piga 116. Ni simu ya kuwasaidia watoto, haina malipo, na inapokelewa usiku na mchana. Mfundishe binti mwenyewe namba hiyo jioni hii, ni tarakimu tatu tu.